Maji ya Kengeleni

Stima ilikatika tukiwa katikati ya Amri ya Nane.
Kisauni nzima ikazama, na pangaboi la kanisa
likazunguka mara tatu za mwisho, likakata tamaa.
Watoto kumi na wanne wa kipaimara
nikawatoa uani na viti vyao vya plastiki,
upande wa ile kengele kuukuu
iliyoupa mtaa huu jina.

Na juu, jamani, juu!
Nyota zilikuwa zimemwagika
kama gunia la mchele lililopasuka gatini Kilindini.
Hatukuwa tumeziona
tangu taa za Nyali zilipoanza kukesha.

Mghoi, binti wa fundi wa majokofu,
ambaye hata kusali husali kwa swali,
akaniuliza: Mwalimu, huko nako kuna watu?

Nikajibu jibu la mtu asiyetaka kujibu:
Mungu anajua.
Najua anajua, akasema. Nakuuliza wewe.

Basi ikawa mvua.
Kama wapo, walikula tunda?
Au bustani yao ingali na lango wazi,
nao hawajajua kwamba jani ni vazi?
Na kama walikosa, nani aliwafia?
Msalaba wetu mmoja, wa kilima kimoja,
unawatosha walio mbali hadi nuru inachoka njiani?
Au Mwana huzaliwa kila nyota,
akasulubiwa Ijumaa baada ya Ijumaa,
na kila nyota ina mama aliyesimama chini akilia?
Hapo hata Kahindi, anayekuja kwa ajili ya soda,
alinyamaza.

Mzee wa kanisa, Mwakio, alisikia akiwa mlangoni.
Hao ni mashetani tu, alisema, wamebadili mavazi.
Kisichoandikwa hakipo.
Nikatamani kumuuliza
Mombasa imeandikwa wapi.

Niliingia sakristia kutafuta mshumaa.
Mkono ukapapasa, ukakutana na daftari la ubatizo,
lile la zamani, lenye harufu ya mende na nta.
Kwa mwanga wa simu nikasoma mstari ninaoujua,
wa babu yake bibi yangu:
Tomaso. Myao. Umri: kama miaka tisa.
Alitolewa katika chombo kilichokamatwa.
Jina la nyumbani:
na hapo wino haukufika.

Kuna mahali, kabla ya siku ile, wakubwa wenye kola nyeupe
walikaa mezani wakibishana kama kiumbe huyu ana roho.
Walifungua vitabu. Walipima mafuvu.
Mtoto mwenyewe alikuwa akitetemeka kwa baridi ya maji,
na roho yake, iliyokuwepo muda wote,
ikimtazama anayeandika.

Nikarudi nje bila mshumaa.
Nikawaambia: Sijui kama wapo.
Sijui kama wana dhambi, au wametushinda kwa usafi
na ni sisi tutakaohubiriwa.
Mungu hakuniomba ushauri alipotandaza mbingu,
wala hakuniambia kwamba mkono wake uliishia hapa.
Lakini wakishuka, Jumatatu hii au mwaka wa elfu ngapi,
wakashukia Kengeleni na mizigo yao, kama tulivyoshushwa sisi,
msianze na roho. Anzeni na jina.
Waulizeni wanaitwaje kwao,
mkaliandike wanavyolitamka,
hata herufi zikipungua.

Stima ikarudi. Hiyooo! mtaa ukapiga kelele,
nyota zikafutwa kama hesabu ubaoni,
Amri ya Nane ikitungoja ukurasa uleule: usiibe.
Watoto wakabeba viti.

Mghoi akabaki amesimama.
Mwalimu, na kama hawana vichwa,
maji utawamwagia wapi?

Ingia ndani ukae, nikamwambia.
Aliingia. Hakukaa.